Nani Anasikilizwa Baada ya Shambulio?

Kila bomu linapolipuka au basi linaposhambuliwa barabarani, watu huuliza swali lile lile: sisi wananchi wa kawaida tuna neno gani katika mambo ya usalama? Wengi hujijibu hapo hapo. Mambo ya jeshi ni ya jeshi, ya polisi ni ya polisi, majasusi hatuwajui, na wakubwa watafanya walichokwisha kuamua.

Jibu hilo si kweli. Katika Kenya ya miaka ya karibuni, maoni ya wananchi yameng'oa waziri, yamezaa sheria mpya kabla mwezi haujaisha, yamesukuma wakimbizi kutangaziwa kuondoka, na yamewapa wanajeshi baraka ya kuvuka mpaka. Mwananchi ana nguvu kuliko anavyodhani. Kinachonisumbua mimi, na ndicho kilichonifanya niandike sura hii, ni jambo jingine: ni mwananchi yupi huyo? Kwa sababu ukifuatilia mashambulizi na maamuzi yaliyofuata, utaona kwamba sauti inayobadilisha mambo mara nyingi hutoka kwa watu wanaoishi mbali na hatari, na wanaoishi nayo mlangoni husikika mwisho.

Tuelewane kwanza juu ya maneno

Usalama wa taifa watu wengi huuchukulia kuwa ni bunduki na mipaka. Katiba ya Kenya ya 2010 haisemi hivyo. Ibara ya 238 inasema ni kuilinda nchi dhidi ya vitisho vya ndani na vya nje: mipaka yake, mamlaka yake, watu wake, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani, utulivu na ustawi wao. Isome polepole. Haki na mali za watu zimetajwa katika sentensi moja na mipaka. Kwa hiyo mvuvi aliyekatazwa kwenda baharini usiku, akashindwa kulipa karo, anaweza kusimama mbele ya mkuu wa kaunti na kusema kwamba hilo nalo ni suala la usalama wa taifa, na Katiba itakuwa upande wake. Ibara hiyo hiyo inaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge.

Sera ni msimamo ambao serikali imeamua kuufuata pamoja na njia za kuutekeleza: nani akamatwe, mpaka ufungwe au usifungwe, jeshi liende wapi, fedha ziwekwe kwenye nini.

Maoni ya umma ni vigumu zaidi kuyashika, maana hayana ofisi wala mhuri. Utayasikia kwa wanaopiga simu redioni asubuhi, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye hotuba za msikitini na kanisani, barazani kwa chifu, na kwenye mazishi ambako wanasiasa hupewa kipaza sauti. Wakati mwingine hupimwa kwa utafiti wa maoni, yaani kampuni kuwahoji watu mia kadhaa au elfu mbili waliochaguliwa kuwawakilisha wengine wote. Nitarudi kwenye utafiti huo, kwa sababu hesabu yake ina jambo ambalo watu hawaligundui.

Siku 27 za mwaka 2014

Alfajiri ya Novemba 22, 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia. Abiria walioshindwa kutamka shahada ya Kiislamu walitengwa na wenzao, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliofunga shule wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Picha za miili iliyolala kando ya barabara zilienea kwenye simu kabla serikali haijasema neno.

Siku tatu baadaye waandamanaji walijaa Harambee Avenue, Nairobi, mbele ya ofisi za serikali, wakisema wamechoka kuzika. Desemba 2, kwenye machimbo ya mawe ya Koromey nje kidogo ya mji wa Mandera, wafanyakazi 36 waliuawa. Siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta alimwondoa Joseph ole Lenku kwenye Wizara ya Usalama wa Ndani, na Inspekta Jenerali wa Polisi David Kimaiyo akang'atuka. Aliyependekezwa kuwa waziri alikuwa jenerali mstaafu, Joseph Nkaissery, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa upinzani. Rais anayemchukua mpinzani kusimamia polisi amesikia kelele za barabarani.

Kisha ikaja sheria. Desemba 18, Bunge la Taifa lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katika kikao ambacho wabunge walisukumana, wakapigana na kumwagiana maji. Rais akatia sahihi kesho yake, Desemba 19. Kutoka kwenye basi lile hadi sahihi ile ni siku 27.

Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na nini? Kifungu kimoja kiliweka ukomo wa wakimbizi nchini kuwa watu 150,000, wakati ambapo Kenya ilikuwa na zaidi ya nusu milioni. Kingine kilitishia kifungo cha hadi miaka mitatu au faini ya hadi shilingi milioni tano kwa atakayetangaza au kuchapisha habari zinazoweza kuvuruga uchunguzi wa ugaidi. Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane, hivyo viwili vikiwamo.

Sasa jiulize: mkata mawe wa Koromey angesaidiwa na kifungu gani kati ya hivyo? Alikuwa amelala kwenye hema kando ya mji wa mpakani, usiku, bila ulinzi. Haja yake ilikuwa doria, gari la polisi lenye mafuta, na ofisa anayepokea simu. Kelele za nchi nzima zilikuwa za haki kabisa, na uchungu ulikuwa wa kweli. Lakini kelele zikisafiri kilomita 1,000 kutoka Mandera hadi bungeni hubadilika njiani, na kilichofika mwisho kilikuwa ukomo wa wakimbizi na kifungo cha waandishi wa habari.

Januari ilipofika, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi kaskazini mashariki. Siwalaumu, maana hakuna anayepaswa kufia kazini kwa kufundisha hesabu. Ila matokeo yake yalikuwa darasa la Mandera lisilo na mwalimu, na mtoto aliyekaa ndani yake hakuhojiwa na mtu.

Kwa ufupi: maoni ya umma yanaweza kubadilisha uongozi wa usalama kwa siku chache na sheria kwa wiki chache. Kasi hiyo peke yake haimhakikishii aliyeshambuliwa kwamba atapata alichokihitaji.

Watu 110 kati ya 2,000

Chukua kaunti nne zilizobeba mzigo mzito wa mashambulizi: Mandera, Wajir, Garissa na Lamu. Kwa sensa ya 2019, Mandera ilikuwa na watu 867,457, Garissa 841,353, Wajir 781,263, na Lamu 143,920. Jumla ni watu milioni 2.6 katika nchi ya watu milioni 47.6. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia sita.

Mtafiti anayewahoji Wakenya 2,000 kwa uaminifu, kila eneo kwa kadiri ya watu wake, atawahoji watu kama 110 kutoka kaunti hizo zote nne. Lamu itapata sita. Mtafiti hajakosea popote, maana ndivyo uwiano unavyotaka. Lakini habari ya saa moja jioni ikitangaza kwamba Wakenya wengi wanaunga mkono kafyu au ukuta wa mpakani, asilimia 94 ya waliojibu ni watu ambao kafyu hiyo haitawagusa na ukuta huo hawatauona.

Kwenye bei ya unga hesabu hii haina madhara makubwa, kwa sababu unga tunaununua sote. Kwenye usalama ina madhara, kwa sababu gharama ya uamuzi hulipwa na wachache huku furaha ya kuona hatua zikichukuliwa ikigawanywa kwa wote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wala umbali huu haupimwi kwa kilomita tu. Eastleigh iko Nairobi, dakika chache kutoka katikati ya jiji. Machi 31, 2014 milipuko iliua watu sita pale Eastleigh. Siku chache baadaye serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch, na takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wao wakazi wa mtaa huo huo uliokuwa umelipuliwa. Maelfu walipelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani kukaguliwa vitambulisho. Nje ya Eastleigh wengi walishangilia: hatimaye serikali imeamka! Ndani ya Eastleigh watu walikuwa wakitafuta jamaa zao kituo hadi kituo. Mwenye duka aliyezika jirani yake wiki ile alikuwa na sababu nyingi kuliko mtu yeyote za kutaka magaidi wakamatwe, na huenda alikuwa na jina la kutaja. Ila baada ya kuona mwanawe akipakiwa kwenye lori, angelipeleka wapi jina hilo?

Baba aliyekwenda kuripoti

Alhamisi ya Aprili 2, 2015, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wanne wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Hadi kikosi maalumu cha polisi cha Recce kilipomaliza kazi usiku huo, watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi. Hakuna Mkenya aliyekuwa mtu mzima siku hiyo asiyekumbuka alikuwa wapi.

Hasira ya umma ilielekea kambi ya wakimbizi ya Dadaab mara moja. Siku chache tu baadaye, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, aliupa Umoja wa Mataifa miezi mitatu uwaondoe wakimbizi wa kambi hiyo. Kampuni 13 za kutuma fedha zilizotumiwa sana na Wasomali zilisimamishwa, na ziliruhusiwa tena Juni, baada ya familia nyingi kukosa fedha za matumizi. Mashirika mawili ya haki za binadamu ya Pwani, MUHURI na Haki Africa, yalifungiwa akaunti za benki, na baadaye mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamuru zifunguliwe. Yalikuwa kati ya mashirika ambayo familia za Pwani zilikimbilia kijana wao alipopotea.

Lakini wauaji walitoka wapi? Serikali yenyewe ilimtambua mmoja wao. Alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Msemaji wa Wizara ya Usalama wa Ndani alieleza kwamba baba yake alikuwa amekwisha kuripoti kwamba kijana wake ametoweka, akihofia amevuka kwenda Somalia.

Naomba tusimame hapo kidogo. Katika mkasa huo wote kuna mtu aliyefanya lile hasa ambalo kila tangazo la serikali humwomba mwananchi alifanye. Aliona dalili nyumbani kwake, akameza aibu, akaenda kwa wenye mamlaka kumtaja mwanawe mwenyewe. Alikuwa mkazi wa Mandera, Msomali, Mwislamu, na mtumishi wa serikali. Katika mjadala wa kitaifa wa wiki ile watu wa sura yake walikuwa washukiwa, na kambi ya wakimbizi ambamo hakuwa akiishi ndiyo iliyotakiwa kufungwa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kuwasikiliza walio karibu na hatari kunaleta taarifa, pamoja na kuwa jambo la haki. Serikali yenyewe ilionyesha mwaka ule kwamba inalijua hilo. Mwezi huo huo wa Aprili ilimteua Mohamud Saleh, balozi wa zamani na mtu wa jamii ya kaskazini mashariki, kuwa mratibu wa eneo lote. Aliketi na wazee, masheikh na machifu, na wakazi wakaanza kupeleka habari kwa sababu waliona hazitawarudia kama kesi. Mji wa Garissa ukapata utulivu ambao haukuwa nao kwa miaka mingi. Mashambulizi ya mpakani hayakuisha, na yameua watu tangu hapo. Hata hivyo uteuzi ule ulifanya zaidi ya ule muda wa miezi mitatu, ambao ulipita na Dadaab ikabaki pale pale. Serikali ilipotangaza tena mwaka 2016 kwamba inaifunga kambi, Jaji John Mativo aliamua Februari 2017 kwamba hatua hiyo ni kinyume cha Katiba.

Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo, na kina mama wakawavisha wenzao vitambaa vya kichwa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafariki mwezi uliofuata. Filamu ya Watu Wote ilitokana na tukio hilo. Mimi nayahesabu hayo kuwa maoni ya umma. Watu wa kaskazini mashariki walikuwa na msimamo juu ya ugaidi, na waliutoa kwa njia ambayo hakuna fomu ya utafiti ingeweza kuunasa.

Bahari haifuati kafyu

Wakazi wa Lamu wana kisa chao. Baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, na zaidi baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 yaliyochukua roho za watu zaidi ya 60, vyombo vya usalama viliweka amri za kutotoka usiku, na wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku kwa miaka.

Kwa mtu wa bara, kuvua mchana badala ya usiku ni kubadilisha zamu tu. Mvuvi wa Lamu hufuata mwezi na maji. Kuna siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa kwa nguvu, na kuna siku za maji mafu, bahari ikitulia. Kuna samaki wanaokuja juu giza likiingia na mitego inayotegwa magharibi na kutolewa alfajiri. Ukimwambia awe ufukoni kabla ya jua kutua na asitoke hadi lichomoze, umemkata nusu ya mwezi wake, na deni la nyavu na la tajiri wa mashua halikatwi nusu.

Ndani zaidi, kwenye msitu wa Boni, operesheni ya Linda Boni ilianza Septemba 2015 na ilitangazwa kuwa ya siku 90. Ilidumu miaka. Waboni, ambao wenyewe hujiita Waaweer, huishi kwa asali na mazao ya msitu huo, na msitu ukawa eneo la mabomu na doria. Shule tano za wadi ya Basuba zilifungwa, na watoto wao wakakaa nyumbani muda mrefu. Wavuvi na Waaweer wanaijua kila hori ya pwani ile na kila kichaka. Kama kuna mashua ngeni iliyopita usiku, mvuvi ndiye angeiona, laiti angeruhusiwa kuwa huko.

Serikali nayo hutengeneza maoni

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba maoni hutoka kwa wananchi kwenda juu. Hushuka pia. Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera, Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere alizungumza na Watanzania mwanzoni mwa Novemba na kuwaambia kwamba sababu ya kumpiga adui ipo, nia ipo na uwezo upo. Watu walichanga ng'ombe na chakula, mgambo wakajiunga na jeshi kwa maelfu, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Walikuwa wameona ardhi yao ikikaliwa, na kiongozi wao akawaeleza kwa lugha wanayoielewa. Kisha aliwaambia pia kwamba itabidi wafunge mikanda kwa miezi 18. Dhiki ilizidi miezi hiyo kwa mbali, lakini angalau bei ilitajwa hadharani.

Linganisha na Oktoba 2011. Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba majeshi yanaingia Somalia kuwafuata al-Shabaab, katika operesheni ya Linda Nchi. Wananchi wengi waliunga mkono kwa moyo mmoja, na Desemba Bunge likaidhinisha wanajeshi hao kujiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Miaka minne baadaye, Januari 15, 2016, kambi ya Wakenya huko El Adde, Somalia, ilivamiwa. Familia zilisubiri hesabu ya waliokufa. Rais wa Somalia alitaja idadi ya karibu 200, lakini serikali ya Kenya haikuwapa wananchi wake hesabu kamili. Nchi inayoombwa kuunga mkono vita bila kuambiwa bei yake imenyimwa nafasi ya kuwa na maoni, maana maoni yasiyo na habari ni hisia tu.

Na yapo maoni yaliyokusanywa vizuri, yakawekwa kabatini. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume ya watu wawili kuzunguka wilaya za kaskazini mwa Kenya na kuuliza wakazi wanataka nini uhuru utakapokuja. Wasomali wengi walisema wanataka kuungana na Somalia. Sitetei kugawanywa kwa Kenya, na nafurahi kwamba Mandera ni Kenya. Nasema kwamba watu waliulizwa, wakajibu, na jibu lao halikufuatwa. Vita vya shifta, yaani uasi wa waliotaka kujitenga, vikafuata, na eneo hilo likatawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi 1991. Kwa miongo kadhaa kijana wa huko aliyetaka kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kumchuja, jambo ambalo kijana wa Nyeri au Kisii hakulijua. Rais Ruto alipofuta uchujaji huo mjini Wajir, Februari 2025, baadhi ya viongozi wa sehemu nyingine walipinga kwa hoja ya usalama. Wajir ilikuwa ikishangilia kupata kilicho haki ya kila Mkenya.

Bunge na mahakama ni za nini?

Kama hofu ya umma ina kasi hivyo, lazima kuwe na mahali pa kuifanya isimame na kujieleza. Kisa cha Haiti kinaonyesha jinsi hilo linavyokwenda. Mwaka 2023 serikali ilijitolea kupeleka polisi kupambana na magenge ya Haiti. Mwanasiasa Ekuru Aukot na chama chake walikwenda mahakamani, na Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa, yaani kikao cha rais na wakuu wa vyombo vya usalama, linaweza kupeleka jeshi nje ya nchi, lakini halina mamlaka ya kupeleka polisi. Polisi wangehitaji makubaliano maalumu kati ya nchi mbili. Serikali ikatia sahihi makubaliano hayo Machi 1, na polisi 400 wa kwanza wakafika Port-au-Prince Juni 25, 2024.

Unaweza kusema kesi haikubadilisha kitu, maana walikwenda. Mimi naona ilibadilisha. Iliilazimisha serikali kueleza hadharani inatumia sheria ipi, na iliwapa Wakenya miezi kadhaa ya kujadili jambo ambalo vinginevyo wangeliona kwenye taarifa ya habari ndege ikiwa imekwisha kuondoka.

Siku hiyo hiyo ya Juni 25, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia bungeni Nairobi, polisi wakawapiga risasi, na jeshi likaitwa kusaidia polisi. Bunge la Taifa liliidhinisha kesho yake, jeshi likiwa tayari mitaani. Watu wengi wa Nairobi waliona askari wa jeshi mtaani kwao kwa mara ya kwanza. Wakazi wa Lamu, Wajir na Mandera walikuwa wameishi nao miaka.

Wiki ya kwanza

Shambulio jingine litakuja, na natamani niwe nimekosea. Likija, serikali itakuwa na haraka na wewe utakuwa na hasira. Kabla hujaunga mkono hatua yoyote itakayotangazwa, uliza haya:

1. Hatua hii ingezuia shambulio lililotokea, au inatupa tu la kufanya?
2. Nani atailipia kila siku, na ameulizwa?
3. Ina mwisho lini, na nani atatuambia imefanikiwa?
4. Kulikuwa na mtu aliyeripoti mapema? Alisikilizwa?

Swali la nne ndilo ninalotaka wabunge walibebe. Baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, ambako watu 67 waliuawa Septemba 2013, rais aliahidi tume ya uchunguzi na tume hiyo haikuundwa. Ripoti ya kamati ya bunge ililetwa na wabunge wenyewe wakaikataa. Tunaomba wananchi watoe habari, halafu hatuna mahali pa kuonyesha habari zao zilifanyiwa nini.

Mswada wa usalama ukifika bungeni, Katiba inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi, na tangazo la kukaribisha maoni hutolewa magazetini. Muda huwa mfupi, na kikao kikifanyika huwa mara nyingi Nairobi. Mwandikie mbunge wako umtake kamati ikae Mandera, Wajir, Garissa na Lamu kabla ya kusomwa kwa mara ya tatu, na imsikilize mwenye duka, mvuvi na chifu kabla ya jenerali. Na kama unaishi Nairobi, Nakuru au Kisumu na unamjua mtu mmoja tu kule, mpigie simu kwanza, umuulize angetaka nini, kisha uandike barua yako.